Banda la Baiskeli Kabla ya Mvua za Novemba

Baiskeli nyingi za Shinyanga hazifii barabarani, zinafia uani. Mchana kutwa baiskeli inabeba madumu ya maji, gunia la pamba, mtoto anayewahi shule ya kata kilomita nane kutoka nyumbani, na inavumilia yote hayo bila kulalamika. Jioni inaegemezwa ukutani, upande ule ule ambao jua la saa kumi litaipiga kesho na keshokutwa, au inalazwa chini ya mwembe hadi mvua iikute. Hapo ndipo inapoanza kuharibika.

Itazame kwa karibu baiskeli iliyokaa nje misimu miwili. Pembeni mwa tairi utaona nyufa ndogo ndogo, maana jua limekausha mpira kabla lami haijaula. Pale spoku inapoingia kwenye rimu pana duara la kutu, na ukiigonga spoku hiyo kwa ukucha inalia tofauti na wenzake. Maji yameteremka kwa ndani kupitia bomba la kiti hadi kwenye ekseli ya pedeli, yamekutana na vumbi, na grisi imegeuka tope linalosaga gololi. Fundi baiskeli atakubadilishia gololi, baada ya miezi michache utarudi kwake, na lawama utaitupia Phoenix ya siku hizi. Chuma cha siku hizi kina udhaifu wake, sikatai. Hata hivyo, shilingi nyingi tunazoziacha kwa fundi zingetosha nguzo sita na mabati machache.

Kwa hiyo nashauri banda. Si chumba cha tofali chenye mlango wa chuma, ni paa juu ya nguzo, lenye kuta pande mbili na sakafu kavu. Familia yenye baiskeli nne au tano inaweza kulimaliza kwa wiki moja ikiwa vifaa viko tayari. Fedha zako nyingi ziende sehemu mbili: pale nguzo inapokutana na ardhi, na pale paa linapokutana na nguzo. Kwingine kote unaweza kubana matumizi.

Tuanze na mahali. Wazee wa Kisukuma waliposhika makazi walijenga juu, kwenye luseni, ule udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Mbuga nyeusi ya chini wakaiachia majaruba ya mpunga. Tumeongezeka, viwanja vimekatwa vidogo, na leo wengi wetu tumejenga juu ya mbuga yenyewe. Ukitaka kujua umesimama wapi, angalia ardhi yako mwezi Septemba: kama imepasuka nyufa zinazomeza kiganja, hiyo ni mbuga. Udongo huu hunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa, na nguzo uliyoichimbia kina kifupi itapandishwa na kushushwa kila mwaka hadi paa lipinde.

Mwenye luseni achimbe sentimita 60, inatosha. Mwenye mbuga afike 90 au zaidi, hadi apite pale nyufa zinapokoma, na shimo liwe pana chini kuliko juu. Asirudishe ule udongo mweusi. Ajaze moramu, tabaka kwa tabaka, kila tabaka la sentimita 15 lishindiliwe kwa mti mzito mpaka likatae kushuka. Kuna mafundi wanaomwaga mfuko mzima wa sementi kwenye shimo la mbuga wakidhani wamemaliza kazi. Mbuga ikivimba hulisukuma pande lile la zege na nguzo yake vikapanda pamoja.

Sasa, kwa ndugu zangu wa Nyarugusu, Lwamgasa, Kakola na kila penye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, nina ombi moja zito. Msitumie marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa, kujaza sakafu wala kuchanganyia zege. Najua mchanga ule umesagwa vizuri, uko karibu, na mara nyingine mtu anakupa toroli bure. Lakini marudio ya mwaloni, pale mawe yaliyosagwa yanapooshewa, yamepitiwa na zebaki, na yale yaliyotoka kwenye matangi ya kuoshea dhahabu yamepitiwa na sayanaidi. Banda la baiskeli ni mahali ambapo watoto watachuchumaa kupiga pampu, watakaa chini kurudisha mnyororo uliochomoka, kisha wataenda kula. Vivyo hivyo mapipa ya sayanaidi: usiyakate kuwa bati la ukuta wala kuyageuza ya kukingia maji, hata kama muuzaji ameapa kwamba yameoshwa. Nunua mchanga wa mto au moramu, hata kama ni lori nusu mnagawana na jirani.

Vipimo vinatoka kwenye baiskeli yenyewe. Chukua futi kamba, pima yako. Baiskeli ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa karibu mita 1.9 toka tairi hadi tairi, na usukani wake una upana wa kama sentimita 60. Banda la upana wa mita 3 na kina cha mita 2.2 linapokea baiskeli tano zikisimama sambamba, kila moja na nafasi yake, bila mtoto kulazimika kuzichomoa tatu ili aipate ya nne. Ukizipanga moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, usukani hautagongana na usukani, na unaweza kuongeza ya sita.

Kimo cha mbele kiwe mita 2.2 juu ya ardhi, cha nyuma mita 1.8. Tofauti hiyo ya sentimita 40 inatosha kuteremsha maji kwenye bati, na mtu mrefu anaingia bila kuinama. Kwa hiyo kwenye luseni nguzo za mbele zitakatwa mita 2.8 na za nyuma mita 2.4, ukihesabu na sehemu ya shimoni. Mwenye mbuga aongeze. Nguzo ni sita, tatu mbele na tatu nyuma, kila baada ya mita moja na nusu. Juu ya kila jozi inalala boriti moja, mbao ya 2 kwa 4 ya futi 10, na juu ya boriti zinapita papi nne za futi 12. Mpango huu unakubaliana na urefu wa mbao zinazouzwa, kwa hiyo vipande vya kutupa ni vichache. Bati la mita 3 nalo linafunika toka mbele hadi nyuma bila kiungo, likachomoza nusu mita mbele na kidogo nyuma. Upana wa bati hutofautiana dukani. Lipime hapo hapo, utoe sehemu ya kupandana, ndipo uhesabu mangapi.

Kuhusu nguzo, mirunda ya mkaratusi ndiyo inayopatikana kirahisi, kuanzia Kahama hadi Katoro. Chagua yenye unene wa sentimita 10 hadi 12, iliyonyooka, na umenye magome yote, maana wadudu wanaotoboa miti hujificha chini ya gome. Uiache kivulini ikauke miezi miwili. Mrunda mbichi hujikunja ukiwa tayari umeubebesha paa. Penye mti wenye panda nzuri juu, usiikate: boriti ikilala kwenye panda haitelezi, hata waya ukikatika. Usikate miti ya asili msituni au kwenye ngitili ya watu, yaani eneo la malisho na miti lililohifadhiwa, kwa sababu ya banda. Mkoa wa Shinyanga uliwahi kuvuliwa miti hadi ukaitwa jangwa, na ilichukua mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kuanzia 1986 hadi 2004, pamoja na subira ya wanavijiji wenyewe, kurudisha ngitili tunazoziona leo. Mkaratusi wa shambani umepandwa ili ukatwe, mgunga wa ngitili una kazi nyingine.

Halafu mchwa. Geita penye vichuguu virefu kuliko mtu, nguzo isiyokingwa haimalizi mvua mbili. Njia ya zamani bado inatumika: choma tako la nguzo kwenye moto wa polepole hadi liwe jeusi kina cha nusu sentimita, kuanzia chini hadi sentimita 20 juu ya usawa wa ardhi. Sehemu hiyo ya juu watu wengi huisahau, wakati kuoza huanzia pale pale ardhi na hewa vinapokutana. Oili chafu inasaidia kwa muda ikinywewa na mti mkavu, si ikipakwa juu ya mti mbichi, na usiimwage karibu na kisima. Zipo pia dawa za mchwa madukani. Fuata kipimo cha kwenye chupa na vaa glovu.

Kwa mwenye uwezo zaidi kidogo na udongo usiopasuka, kuna njia bora kuliko zote hizi: usiufukie mti kabisa. Mwaga kiatu cha zege shimoni kikachomoza sentimita 15 juu ya ardhi, na kabla hakijakauka pachika ndani yake vipande viwili vya chuma bapa. Baada ya siku saba simamisha nguzo katikati ya vyuma hivyo, ifunge kwa bolti, tako lake likiwa limeinuliwa na kipande cha bati nene. Mchwa akitaka kupanda itabidi ajenge njia yake ya udongo juu ya zege, mahali unapoiona, nawe unaifagia asubuhi. Uso wa kiatu uuteremshe nje pande zote ili maji yasitulie.

Ukiwa karibu na maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, tafuta mtu aliyewahi kufanya kazi ya matimba. Anayeshikiza kuta za shimo la mita 30 ili wenzake watoke hai anajua kuoanisha mti na mti kuliko mafundi wengi wa nyumba, na mara nyingi kazi ya juu ya ardhi anaifanya kwa furaha. Mwambie unataka pia mbao za mshazari kwenye pembe, angalau mbili nyuma na moja kila ubavu. Bila mshazari, banda la nguzo sita ni mstatili unaolegea; upepo wa kwanza utaulaza upande.

Upepo huo si wa kudhania. Machi 2015 mvua ya mawe yenye upepo mkali iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, ikaangusha nyumba na kuua makumi ya watu usiku mmoja. Banda dogo halitamwokoa mtu katika dhoruba ya namna ile, lakini bati lake liking'oka ni panga linaloruka kwenye uwanja wenye watoto. Ndiyo maana nasisitiza kufunga. Msumari peke yake hushikilia paa lisiteleze. Upepo ukiingia chini ya bati na kulinyanyua, msumari unachomoka kama ulivyoingia. Kila papi ifungwe kwenye boriti kwa waya mnene, uzungushwe mara mbili na kukazwa kwa koleo. Kila boriti nayo ifungwe kwenye nguzo kwa mkanda wa chuma unaoteremka angalau sentimita 20 na kupigiliwa pande zote mbili. Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si kwenye bonde ambamo maji hupita, na kwenye papi ya mbele na ya nyuma usiruke mgongo hata mmoja. Bati la geji 30 linafaa. Geji 32 ni nyembamba, mawe ya mvua hulitoboa, na bei unayookoa ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kulifumua.

Paa hilo hilo linaweza kukulipa. Lina eneo la karibu mita za mraba 10. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na mwaka wa wastani Shinyanga hupata kati ya milimita 600 na 800. Chukua 700, toa sehemu ya tano inayomwagika na kukauka, unabaki na kama lita 5,600, ndoo 280 za lita 20. Weka gata nyuma, mahali bati linapoteremkia, na pipa safi au simtanki lililoinuliwa juu ya tofali. Familia inayofuata maji kwa baiskeli itaelewa mara moja maana ya safari zilizopungua. Maji ya mvua ya kwanza yaache yaende, yanaosha vumbi la miezi sita.

Kuta sasa. Pande mbili zinatosha, nyuma na magharibi. Hapa kwetu jua hupita karibu utosini mwanzoni mwa Oktoba na tena katikati ya Machi, na saa sita paa linatosha kulizuia. Linalopenya chini ya paa likiwa kali ni la alasiri, na hilo linatoka magharibi mwaka mzima. Kisha kumbuka mvua kubwa hukujia kutoka upande gani uani kwako, maana milima na miti hugeuza upepo. Kama huja kwa mbele, geuza banda zima kabla hujachimba. Ukuta uwe wa mabanzi, fito au matete, lakini uachie sentimita 15 chini na nafasi kama hiyo juu. Baiskeli iliyolowa inataka hewa ipite. Nimeona mabanda yaliyozibwa pande zote kwa turubai, na ndani yake chuma kinapata kutu zaidi kuliko kile kilichoachwa nje.

Wenye uzio wa minyaa, tena ndio wengi vijijini, wajenge mita mbili mbali nao. Utomvu wake ukiingia jichoni ni mateso, na mtoto anayevuta baiskeli iliyonasa kwenye tawi lake anaurusha usoni mwake mwenyewe.

Kuna anayetaka kuokoa nguzo tatu kwa kuegemeza banda kwenye ukuta wa nyumba. Kama ukuta ni wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa sementi, sawa, na faida yake ni usalama. Kama ni tofali mbichi, usithubutu. Upepo ukilivuta banda, litaondoka na kipande cha ukuta. Jenga karibu nao, acha nafasi ya mtu kupita, banda lisimame kwa miguu yake.

Sakafu iinuliwe sentimita 15 kwa moramu iliyoshindiliwa, iteremke kuelekea mbele sentimita 2 kwa kila mita. Zege si lazima. Ila iwe ngumu kiasi kwamba stendi ya baiskeli yenye mzigo haizami, kwani stendi ikizama baiskeli huanguka na kuangusha zote mfululizo. Kwa sababu hiyo hiyo weka mti wa mlalo ndani, kimo cha kiti, yaani sentimita 90 hivi, uliofungwa kwenye nguzo za nyuma. Baiskeli huegemea hapo na kufungwa hapo. Watu wengine hupanga tofali mbili zenye mwanya wa kusimamishia gurudumu; kwa baiskeli nyepesi ya mtoto ni sawa, ila Phoenix ya kilo 20 na ushei, yenye keria ya nondo, ikisukumwa pembeni hupinda spoku zake yenyewe.

Wizi ndio unaofanya watu walale na baiskeli chumbani, na ninawaelewa. Mti wa mlalo unaweza kukatwa kwa msumeno, kwa hiyo ifungie baiskeli kwenye chuma: kabla ya kushindilia sakafu, chimba shimo la futi moja katikati, pinda nondo ya milimita 12 kama kitanzi, uifungue miguu yake chini na kuizika kwenye zege. Mnyororo mmoja mrefu hupita kwenye kitanzi na kwenye fremu za baiskeli zote, si kwenye magurudumu, maana gurudumu hufunguliwa kwa spana. Banda litazamane na dirisha la chumba cha wazazi. Baiskeli ya daladala, ile ambayo kijana wako anapatia riziki mjini Shinyanga, kama bado una wasiwasi nayo ilale ndani usiku, banda liitunze mchana.

Mjini, kabla ya kuchimba karibu na mpaka au barabara, mwone mwenyekiti wa mtaa na jirani yako. Mvua ya radi ikianza, mwambie kila mtoto aingie nyumbani. Banda la wazi si mahali pa kujikinga radi, na watu wa Bukombe na Geita, ambako radi imewahi kuua, wanajua ninachosema.

Fedha zikija kidogo kidogo, kama zinavyokuja kwa wengi wetu baada ya soko la pamba au baada ya mgao wa duara, nunua mirunda kwanza, ikauke wakati unatafuta bati. Fundi mlipe kwa hatua: nguzo zikisimama wima kwa timazi, paa likifungwa, sakafu ikiisha. Ukuta unaweza kusubiri mwaka mzima. Asiye na bati aezeke nyasi, ila mteremko uwe mkali, karibu nyuzi 45, na jiko la kuni likae mbali.

Kila Oktoba, panda ngazi na koleo mkononi. Tikisa kila papi. Inayocheza, kaza waya wake. Chokonoa kila nguzo kwa bisibisi pale inapoingia ardhini: ikizama zaidi ya sentimita moja, weka nguzo mpya pembeni yake na uziunganishe kwa bolti kabla ya kuitoa ya zamani. Fagia njia za mchwa, safisha gata, kisha geuza baiskeli moja moja miguu juu, mimina oili safi tone kwa tone kwenye mnyororo, na uifute iliyozidi kwa kitambaa, kwa sababu oili inayobaki nje hukusanya vumbi.